Nisiyaone Tena

Alikuwa ametoka kununua vifungo tu. Dazeni mbili, vyeupe, vya matundu manne, na gauni la mteja lingekamilika kabla ya chakula cha jioni. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya maghala, taa za barabarani hazijawaka, na shavu lake la kulia lilikuwa limevimba mpaka jicho la upande huo limebaki mstari.

Mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo, na jina hilo hakulipata bure. Miaka kumi na tisa ya kushona, hajawahi kutia zipu kwenye nguo ya mtu. Bibi harusi mmoja alikuja akabembeleza, akalia, akaondoka na vifungo arobaini mgongoni. Sababu hakumwambia mteja yeyote. Sababu ni kwamba zipu ina meno.

Nyie msicheke. Mtu akiogopa nyoka mnamwelewa. Huyu aliogopa meno. Chanuo alilishika kwa kitambaa. Yale meno madogo ya chuma yanayovuta nguo chini ya mguu wa cherehani, hayo alikula nayo mkate wa kila siku bila kuyatazama hata siku moja. Mumewe, fundi seremala, mtu wa utani kweli kweli, alijifunza kucheka ameziba mdomo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Na yote yalianza akiwa na miaka sita, mjomba wake alipomlaza kizingitini, akamkalia kifuani, akamng'oa gego kwa koleo la kukatia nyaya. Wala halikuwa lile bovu.

Wiki hiyo alikwenda kwa daktari wa meno mara mbili. Mara ya kwanza alitoka mbio na ile aproni ya plastiki ikiwa bado shingoni. Mara ya pili alimng'ata daktari kidole.

"Mama," daktari alimwambia, amekumbatia mkono wake, "usaha unashuka shingoni. Kesho asubuhi lisipotoka, sitakuwa na la kukusaidia. Unanielewa?"

Alimwelewa sana. Alikuwa na binti wa miaka saba, waliyemwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi, na hakutaka mtoto huyo akue bila mama. Tena Chiriku mwenyewe alikuwa na jambo lake. "Mama, ona jino langu linacheza." Kila asubuhi, siku ya kumi sasa, amevuta mdomo kwa kidole. Na kila asubuhi mama yake aligeukia ukutani na kusema, mwonyeshe baba. Hilo lilimuuma kuliko shavu.

Basi akafika kwenye kibanda cha muuza vifungo, mwisho wa uchochoro wa maduka ya vitambaa. Maduka mengine yalishafungwa. Muuza vifungo hakuwepo. Kwenye stuli yake alikaa bibi mmoja mwembamba, amejifunika mtandio mpaka puani.

"Shikamoo, bibi. Mwenye kibanda yuko wapi?"

"Marahaba. Unaumwa wewe."

"Ni jino tu."

"Si jino tu," bibi akasema taratibu. "Unaogopa mpaka unanuka."

Mama Vifungo akarudi hatua moja. Ndipo bibi alipoteremsha mtandio, akatabasamu.

Mdomoni hamkuwa na kitu.

Fizi tupu, za waridi, laini juu na chini. Hakuna kisiki wala kovu. Mtu mwingine angekimbia. Mama Vifungo alisimama akautazama mdomo ule, machozi yakamlengalenga. Tangu utotoni hajaona mtu mzima akimchekea bila yeye kutetemeka, na moyo wake ukamlainikia yule bibi papo hapo.

"Nikuondolee jino," bibi akauliza, "au nikuondolee meno?"

Hapo ndipo alipopaswa kufikiri. Lakini mtu ambaye hajalala siku nne, aliyeambiwa kesho anaweza kufa, ana nafasi gani ya kupima maneno?

"Meno, bibi. Niondolee meno. Nisiyaone tena."

"Umesema mwenyewe."

"Nimesema mwenyewe. Nikupe nini?"

"Nilikuwa nataka neno tu. Meno yatakuja yenyewe."

Bibi akanyoosha mkono, akambonyeza shavu kwa dole gumba. Dole lilikuwa la moto. Kitu kikapasuka ndani, kikashuka kooni, kikali, chenye harufu ile... harufu ya mfupa unaosagwa kwa mashine ya daktari.

Kisha kimya. Maumivu hayakuwepo tena. Uvimbe ulishuka chini ya kiganja chake mwenyewe, akiusikia unavyoshuka.

Akarudi nyumbani karibu anaimba. Vifungo alivisahau.

Kwenye kona ya ghala kulikuwa na mbwa aliyezoea kumkenulia meno kila anapopita. Jioni hiyo Mama Vifungo hakuinamisha kichwa. Alimtazama usoni, kwa furaha tu, ya kujipima. Mbwa akabweka mara moja. Mara ya pili sauti ikakatika, akalia kama aliyepigwa jiwe, akaingia chini ya gari na kuacha matone meusi kwenye lami. Mama Vifungo alidhani kuna mtu amemtupia kitu.

Mlangoni alitazama funguo zake apate ule wa mlango. Ufunguo ukaingia, ukazunguka bure. Akautoa. Ulikuwa laini, kipande cha bati kisicho na hata jino moja. Vitu vya siku hizi, alijisemea, akagonga.

Chiriku ndiye aliyefungua. "Mama, shavu limekwisha?"

"Limekwisha, mwanangu."

Akapita chumba cha kushonea akiangalia vitu vyote, jamani, vyote, kwa macho ya mtu aliyetoka gerezani. Akaitazama cherehani, na yale meno chini ya mguu wake. Akalitazama chanuo juu ya meza. Akalitazama hata begi la shule la Chiriku, lenye zipu kubwa ya shaba ambayo siku zote aliifunika kwa sweta. Hakuogopa. Wala hakusubiri kuona kilichofuata nyuma yake. Angegeuka angeliona begi likifunguka lenyewe, na madaftari yakimwagika sakafuni.

Akakaa chini ya taa, akajipiga paja.

"Njoo hapa. Nionyeshe hilo jino lako."

Chiriku hakuamini. "Mimi?"

"Wewe. Kuna Chiriku mwingine humu?"

Mtoto alikuja mbio, akamkalia mapajani, akafungua mdomo mpaka mwisho. Na mama yake akatazama. Kwa mara ya kwanza tangu yaote, aliyatazama meno ya mwanawe. Lile linalocheza lilikuwa la chini, la mbele, dogo, jeupe, limelalia upande.

"Zuri," akamwambia. "Zuri sana, mwanangu."

Likatoka.

Halikudondoka, lilivutwa. Lilizunguka kwenye fizi kama skrubu, likachomoka na kupotelea hewani, hapo hapo mbele ya macho yake. Chiriku alisema "aa", sauti ndogo ya kushangaa. Kisha likaja la pili, na hilo halikuwa linacheza. Hilo lilikuwa na mzizi.

Ka.

Kichwa cha mtoto kikavutwa mbele. Ka. Fizi ikachanika. Ka. Ka. Damu ikamrukia mama usoni. Chiriku alikuwa anapiga kelele sasa, amemshika mama yake nywele kwa mikono yote miwili, na mama yake alifanya kile ambacho mama yeyote angefanya. Alimtazama. Alimtazama mdomoni aone kuna nini, na kadiri alivyotazama ndivyo yalivyong'oka, ya chini yote, ya juu yote, magego ya nyuma yakitoka na vipande vya nyama.

Seremala aliingia kutoka uani na msumeno mkononi, mdomo wazi, akipiga ukelele wa kuuliza.

Mkewe akainua macho.

Yule mwanaume mkubwa alitupwa kwenye fremu ya mlango kama aliyepigwa ngumi thelathini na mbili. Alipoanguka, msumeno ulianguka naye, na ukingo wake ulikuwa umenyooka kama rula.

Hapo akaelewa. Nisiyaone tena. Si kwamba ameondolewa hofu. Yanaondolewa meno, kila anapoyaona.

Akajiziba macho kwa viganja. "Mpeleke hospitali," alisema. "Muombe jirani gari. Mimi usinisogelee, usifungue mdomo mbele yangu." Seremala alijaribu kuuliza kitu, lakini maneno yalitoka yameloa, hayana ncha. Alimbeba mtoto akakimbia. Kelele za Chiriku zilikuwa zimegeuka mlio wa kububujika, wa mtu anayekunywa kitu asichokitaka. Damu ile haikuwa damu ya kukauka yenyewe. Hilo mama alilijua bila kuambiwa na daktari.

Kwenye sanduku la mumewe kulikuwa na koleo. Koleo nalo lina meno, kwa hiyo alilitafuta kwa kupapasa, uso pembeni, akalisukuma ndani ya aproni ya kushonea. Akatoka mbio, macho chini, akitazama viatu vyake.

Uchochoro ulikuwa na taa moja. Alianza kusikia kabla hajafika.

Krr... krr... krr...

Meno yanasagwa. Si ya kinywa kimoja, alivyosikia. Yalikuwa mengi mno.

"Umerudi mapema," bibi alisema. Sauti yake ilikuwa imejaa sasa, na maneno yalikatwa safi, moja moja.

"Mwanangu anatokwa damu."

"Najua. Ladha yake naijua."

"Nirudishie meno yake."

"Mimi sina mkono wa kutoa, nina wa kupokea. Ukiyataka, yapo. Njoo uchukue." Mtandio ukatoa mchakacho. Ulikuwa unateremshwa. "Tazama uchague."

Na hofu ikarudi. Hofu yote ya miaka yote, kizingiti, uzito wa mjomba kifuani, chuma mdomoni... Aliona kidevu. Aliona mwanzo wa kitu kinachong'aa, safu nyuma ya safu.

Akafumba macho.

Akafumba kwa nguvu zote, akaruka mbele na koleo. Stuli ikaenda chini. Alimwangusha bibi chali kwenye saruji, akamkalia kifuani, akamkandamiza paji la uso kwa mkono wa kushoto, akaweka koleo pajani, akaingiza wa kulia mdomoni.

Mdomo ulikuwa mpana kuliko uso. Mkono uliingia mpaka kifundo.

Sasa, fundi huamini vidole vyake. Mama Vifungo aliweza kutaja kitambaa gizani kwa kukisugua tu. Basi akapapasa. Makubwa, mapana, moja limechanika pembeni... ya mume wangu haya. Marefu, membamba, ya plastiki. Hilo chanuo. Jino moja lililopinda, la mbwa. Vidole vyake vilikuwa vinateleza kwenye mate ya moto, na mdomo ulianza kufunga.

Huku pembeni alikuta vipande vidogo vyeupe, au alivyodhani vyeupe, vimelala hovyo hovyo, kimoja kinacheza. Akavipita. Alikuwa anatafuta safu. Na ndani zaidi akaikuta. Madogo. Yamepangika vizuri, yamekaribiana, juu na chini. Mapya mapya.

Ya mtoto haya, akasema moyoni.

Akabana kwa koleo, akavuta. Bibi alicheka chini yake, kifua kikipanda na kushuka. Akavuta kwa mabega, kwa kiuno, akisikia nyama inaachia kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Safu nzima ikatoka kwa pamoja. Akaitupa kwenye aproni. Akarudi kwa yale makubwa, akang'oa kwa fujo, mawili mawili, damu isiyo yake ikimjaa kwenye mikono ya gauni. Alipoingiza mkono mara ya mwisho, mdomo ukafunga.

Hakulia. Alisikia tu mifupa yake mwenyewe ikivunjika ndani ya kinywa cha mtu mwingine. Kidole cha shahada, na cha kati, vikabaki humo. Akampiga bibi kwa koleo kichwani, mara nne, mara tano, akapiga mpaka hakukuwa na kichwa chini ya koleo. Alikuwa anapiga saruji.

Sauti ikaja kutoka nyuma yake, taratibu kabisa.

"Ulifumba macho."

Akayafumba zaidi.

"Mwanangu, ungetazama tu. Si ulikuwa na macho ya kung'oa? Ungenitazama mdomoni, yangetoka yenyewe, na kila moja lingerudi kwao." Pumzi ya moto ikapita shingoni mwake. "Haya. Uliyochukua yamekwenda ulikoyapeleka. Yaliyobaki yatajipanga penye nafasi. Na neno lako hilo hapo, lichukue, macho yako hayatang'oa tena."

Alipofumbua macho, uchochoro ulikuwa na stuli iliyoanguka. Aproni ilikuwa imeloa, lakini haikuwa na kitu. Na ndani ya shavu lake, jino bovu likaanza kupiga upya.

Hospitali walimwambia damu ya mtoto ilikata ghafla, saa mbili na robo usiku. Daktari alikuwa amemjaza pamba mdomoni. "Imekata yenyewe," alisema, na ilionekana hapendi alichokuwa anakisema. "Asifungue mdomo mpaka kesho jioni. Pamba mtaitoa nyumbani, taratibu." Kuhusu seremala hakusema kitu. Meno ya seremala yalikuwa mdomoni mwake, yote, isipokuwa moja la mbele lililokuwa la chuma, lenye ncha kama la msumeno, na lilikuwa limeshamchana ulimi mara mbili.

Asubuhi Mama Vifungo, mkono umefungwa bandeji, aliketi kwenye kiti cha daktari wa meno akafungua mdomo kabla hajaambiwa. Daktari alisimama mbali kidogo, akikumbuka kidole chake. Gego likatoka kwa mvuto mmoja. Hakupepesa hata kope. Baada ya jana usiku, mashine na sindano ya ganzi vilikuwa vitu vya kuchezea.

Akiwa njiani kurudi alipitia kwa muuza vifungo. Alimkuta anaosha saruji kwa ndoo. Alisema jana alifunga saa tisa, kichwa kilimuuma, na hamjui bibi yeyote. Kisha akaacha kusugua. "Mtandio mpaka puani?" aliuliza. Alipojibiwa ndiyo, alichukua ndoo yake akaingia ndani na hakutoka tena.

Jioni seremala alikwenda duka la dawa. Nyumba ilikuwa kimya, na kimya ndani ya nyumba ya Chiriku si kitu cha kawaida. Mama Vifungo aliokota madaftari yaliyomwagika, akanyanyua chanuo kutoka mezani. Alilinyanyua kwa mkono mtupu, bila kitambaa, akajisikia fahari kidogo.

Likamchoma kiganja kwa ubaridi wake.

Lilikuwa limeota meno tena. Madogo. Meupe. Ya maziwa, yamepangwa kwenye mgongo mweusi wa plastiki, mengine yakiwa bado na damu mizizini. La kati alipoligusa, lilicheza.

Alikaa kitandani. Akayahesabu. Akalitazama begi la shule, mdomo wa begi wazi, utepe wa zipu mtupu pande zote mbili. Alikumbuka vidole vyake jana. Madogo, yamepangika, yamekaribiana. Fundi yeyote wa mtaa ule, hata mwanafunzi wa wiki moja, angejua ameshika nini. Ni yeye peke yake ambaye katika maisha yake hajawahi kugusa zipu.

"Chiriku."

Mtoto alikuwa mlangoni. Pamba ilikuwa mkononi mwake, ameshaitoa mwenyewe. Midomo aliifumba kabisa, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Njoo, mwanangu. Nionyeshe."

Chiriku akatikisa kichwa.

"Sigeuki. Nakuahidi. Leo sigeukii ukutani."

Midomo ikaachana. Nyuma yake kulikuwa na shaba, kutoka kona hadi kona, meno ya juu yameingia kati ya meno ya chini, yameshikana, hayana pa kupitisha hata sindano. Kwenye kona ya kushoto kilining'inia kichwa cha zipu, kidogo, kinang'aa kwa mate.

Mama Vifungo hakufumba macho. Alikishika kwa vidole vilivyobaki, akakivuta pole pole kwenda kulia, na sauti ile aliyoikimbia miaka kumi na tisa ikajaa chumbani.

Mdomo ukafunguka. Chiriku akavuta pumzi, ndefu, ya kwanza kwa mdomo tangu jana.

"Mama," alinong'ona. "Ona. Halichezi tena."